Niliandika Kuwa Hana Ndugu

Vijana wa ofisini wameniomba niwaandikie machache kuhusu kazi kabla sijasahau majina ya watu. Majina sijasahau. Ninachosahau siku hizi ni mahali nilipoweka miwani, na hilo halihusu ustawi wa jamii. Nimestaafu tangu mwaka jana, nakaa Ibadakuli, na asubuhi sina barua ya kujibu wala mtu wa kumsubirisha kwenye benchi. Vyeo na mishahara nitaviruka. Habari hizo zimo kwenye jalada langu, kama panya hawajalimaliza. Nitaandika zaidi juu ya masomo yangu ya chuo kikuu, kwa sababu wengi wenu mmetoka huko juzi juzi na mnadhani mmeshamaliza kusoma.

Kwetu ni Nachingwea. Shinyanga nililetwa na barua ya ajira nikiwa kijana, karani wa masjala katika ofisi ya wilaya, na nilidhani nitakaa miaka miwili nirudi kwenye korosho zetu. Nilikaa masjala zaidi ya miaka ishirini. Kwa wale mliozaliwa na kompyuta, masjala ni chumba cha kutunzia majalada, na karani wake ndiye anayejua barua ya nani imelala wapi. Vifaa vyangu vilikuwa daftari la barua zinazoingia, daftari la barua zinazotoka, muhuri wa tarehe, kitobozi cha karatasi na kamba za kijani. Mkuu wangu wa kwanza, mzee mkali mnusa ugoro, alinifundisha kwamba karatasi isiyo na folio, yaani namba yake ndani ya jalada, haipo duniani, hata kama umeishika mkononi. Nilimwamini sana. Majina ya watu niliyajua kwa herufi zake: Masanja kabati la tatu, Ng'wandu kabati la nne, Shija kabati la mwisho kule chini, penye unyevu. Jina Shija nimeliandika mara nyingi kuliko jina la mke wangu.

Niliomba chuo nikiwa na miaka arobaini na mitano. Shahada ilikuwa ya utawala wa umma na huduma za jamii, na kusema kweli ni neno utawala lililonivuta. Huduma za jamii nilidhani ni kiambatanisho. Siku ya kwanza mlinzi wa getini alinielekeza kwenye foleni ya wazazi waliowasindikiza watoto wao. Nilisimama kwenye foleni hiyo robo saa nzima kwa sababu sikutaka kumwaibisha. Darasani nilikaa mbele, vijana wakadhani mimi ndiye mwalimu, wakanyamaza. Hayo yalikuwa mafanikio yangu ya mwisho kwa muhula ule. Nyumbani Zuhura, binti yangu wa kwanza, alikuwa kidato cha tano, na wakati wa likizo tulisoma meza moja, yeye akinisahihishia Kiingereza bila huruma.

Masomo ya utawala niliyamudu. Muundo wa serikali za mitaa, kanuni za utumishi, namna ya kuandika dokezo ili mkuu wako alikubali jambo akidhani ni wazo lake mwenyewe: hayo nilikuwa nimeyaishi. Huduma za jamii zilinishinda, na aliyezifundisha alikuwa Dokta Ndunguru, mama wa Kimatengo kutoka Mbinga, mfupi, mwenye sauti ya chini iliyotulazimisha kuacha kunong'ona. Alitufundisha kuchora ukoo: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mstari wa kuwaunganisha, na mistari inayoshuka kwa watoto. Siku moja alitaka kila mmoja achore ukoo wake. Nilimaliza kabla ya wote, nikanyoosha kwa rula, nikapeleka. Aliitazama karatasi akaniuliza shangazi zangu wako wapi. Nikasema sikuulizwa shangazi. Akanirudishia, akasema niendelee kuchora. Nilikasirika, maana mistari yangu ilikuwa imenyooka kuliko ya mtu yeyote mle darasani.

Mwaka wa pili tulitawanywa kwa mafunzo ya vitendo, nami nikapangiwa ofisi moja ya ustawi wa jamii kwenye ukanda wa dhahabu, upande wa Geita. Ofisi ilikuwa chumba kimoja, meza mbili, na benchi la nje lisilokauka watu: wanawake waliotelekezwa na wachimbaji, wachimbaji waliotelekezwa na bahati, na wazee waliofuata msamaha wa matibabu. Mkuu wa ofisi alikuwa mtu wa Bukoba, mwema, mwenye majalada yaliyopangwa mpaka dirishani. Alikuwapo pia mhudumu, Mama Minza, Msukuma wa Bukombe. Kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kufagia na kupika chai. Kazi yake ya kweli ilikuwa kuwatafsiria wazee wasiojua Kiswahili, na kutuambia nani amelia kweli na nani amekuja kutuchunguza. Mimi msomi nilimchukulia kuwa mtu wa chai.

Wiki yangu ya tatu pale, aliingia mama ntilie mmoja, Muha wa Kigoma, aliyekuwa akipikia wachimbaji wadogo. Alikuwa amemshika mkono mtoto wa kike wa miaka kama minne. Mama wa mtoto alikuwa akiponda mawe machimboni. Aliugua, akapelekwa hospitali, akafariki. Machimboni watu huitana kwa majina ya utani au ya watoto wao, na marehemu alijulikana kwa jina moja tu, Mama Shija. Kwao hakuna aliyepajua. Mama ntilie alikuwa amekaa na mtoto miezi miwili, lakini naye alikuwa mtu wa kuhamahama na sufuria zake, akifuata kila mahali palipotoa dhahabu, na hakutaka kumtembeza mtoto wa mwenzake kwenye mashimo. Siku ile Mama Minza alikuwa kwenye msiba kwao, na sikuona sababu ya kumsubiri.

Nilitoa fomu ya taarifa za mtoto na kalamu mpya. Nilimuuliza mtoto kwa Kiswahili kilekile cha fomu: jina la baba, kijiji, kata, ndugu wanaojulikana. Yeye alizungumza Kisukuma, na Kiswahili kidogo cha machimboni ambacho sehemu yake siwezi kuiandika hapa. Alisema kwao ni kwa Bibi, kwenye ng'ombe. Maelezo hayo yanaitosha nusu ya nchi hii ya Wasukuma, na Bibi asiye na jina wala kijiji sikumhesabu. Nilipomuuliza kama ana kaka au dada alinitazama tu, kisha akatikisa kichwa, pengine kwa sababu mimi nilikuwa nimeshatikisa changu. Sehemu ya alama za mwilini niliandika kovu la moto, mguu wa kushoto. Sehemu ya ndugu ilikuwa na mstari mmoja. Niliandika: Hakuna. Mwandiko wangu ni mzuri, na neno lile lilipendeza.

Tulibandika matangazo kwenye mbao za kata tatu kwamba wanatafutwa ndugu wa Mama Shija. Kwa akina Mama Shija walivyo wengi huku, ilikuwa kama kutangaza kwamba anatafutwa mtu mwenye pua. Hakuna aliyekuja. Mkuu wangu alisaini, na mtoto akapelekwa Kahama kwa malezi ya kambo, yaani kukaa na familia iliyokubaliwa na serikali mpaka hatima yake ijulikane. Athumani alikuwa mtu wa Kondoa, muuza vipuri vya baiskeli kwenye barabara ya kuelekea Buzwagi, na mkewe alitoka Korogwe. Walikuwa wamekaa kwenye ndoa miaka kumi na miwili bila mtoto, na majirani walimwita yule mama Mke wa Athumani, kwa kukosa jina jingine la kumpa. Walimpokea mtoto kwa mikono miwili. Waliniambia siku ileile kwamba, Mungu akijalia awe wao, watamwita Rehema.

Nilirudi chuoni nikaandika ripoti. Dokta Ndunguru alinipa alama A na kuisoma mbele ya darasa kama mfano wa jalada lililokamilika. Vijana walinipigia makofi. Hebu muone jinsi fomu ile ilivyosafiri: ilipita kwangu mtu wa Nachingwea, kwa mkuu wangu mtu wa Bukoba, kwa wale wa Kondoa na Korogwe, mpaka kwa mama wa Mbinga, wote tunajua kusoma, na hakuna aliyeona kitu.

Mwaka wa tatu niliomba nirudishwe ofisi ileile. Nilikuta jalada la mtoto limenenepa. Athumani na mkewe walikuwa wamepeleka maombi ya kumuasili, awe mtoto wao kisheria moja kwa moja, na mahakama ilikuwa imepanga kusikiliza baada ya majuma matatu. Mkuu wangu alinipa kazi ya kuandaa taarifa ya mwisho. Niliiandika, na kwa kuwa ilinipendeza nikawa naisoma kwa sauti. Mama Minza alikuwa anapangusa meza ya pili. Nilipofika pale niliposema mtoto Shija hana ndugu anayejulikana, kitambaa chake kikasimama.

"Baba Zuhura," akasema, "huyo Shija, Kulwa na Doto wake wako wapi?"

Nikamjibu kwamba hakuna Kulwa wala Doto kwenye jalada. Akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yangu.

"Shija hazaliwi hivi hivi. Anazaliwa nyuma ya mapacha. Ukisikia mtoto anaitwa Shija, mbele yake kuna Kulwa na Doto, wawe wazima, wawe wamekufa. Na mama aliyezaa mapacha huku kwetu hajifichi, watu wanamfanyia mambo yake, wanamchezea ngoma, kijiji kizima kinajua. Wewe umekaa Usukumani miaka yote hiyo, ulikuwa unafanya nini?"

Nilikuwa napanga majina kwenye kabati, hicho ndicho nilichokuwa nafanya. Kulwa na Doto nilijua ni mapacha. Nchi hii nani hajui. Kwamba anayewafuata hupewa jina la Shija, awe wa kike au wa kiume, sikujua, na sikuwahi kumuuliza mtu. Miaka ishirini na zaidi nilikuwa nimeona jina hilo kama herufi tu.

Nitasema ukweli kwa kuwa nimeshastaafu. Niliogopa, na niliogopa kwa ajili yangu kwanza. Kwa ajili ya mtoto ilikuja baadaye, msije mkadhani mpangilio ulikuwa mwingine. Ningeweza kunyamaza. Athumani na mkewe walikuwa watu wazuri. Mahakama ingeamua, cheti kipya cha kuzaliwa kingetoka kwa jina la Rehema, na hakuna mtu duniani angemuuliza Rehema mapacha wake wako wapi. Hilo ndilo lililonitoa jasho. Njia pekee ya mtoto yule kurudi kwao ilikuwa jina lake, nasi tulikuwa tumebakiza majuma matatu tulifute. Usingizi ulinipotea, na asubuhi nikaenda kwa mkuu wangu nikamweleza.

Alivua miwani akayasugua macho. Alisema hawezi kwenda kwa hakimu na jina tupu. Kama ndugu wapo, nimletee mtu wa nyama na damu kabla ya siku ya kusikilizwa, la sivyo taarifa itasomwa ilivyo. Kisha nikampigia simu Dokta Ndunguru. Nilikuwa nimejiandaa kujitetea kwa pointi tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho wa ile ya kwanza.

"Alama yako naifuta," akasema. "Na ripoti niliisoma mimi, kwa hiyo darasa nitaliambia mimi. Wewe nenda kawatafute hao mapacha."

Kwa habari yenu, aliifuta kweli. Sikuhitimu na wenzangu, nilirudia mafunzo ya vitendo mwaka uliofuata, na Zuhura akaanza chuo kilekile mimi bado nipo. Alinikataza kumsalimia mbele ya rafiki zake.

Mama ntilie nilimpata Nkome, mwaloni, kwenye ufuko wa ziwa, ameacha machimbo na sasa anaanika dagaa. Safari hii sikutoa fomu. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamwomba anisimulie tu yule marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Alisimulia huku akigeuza dagaa wake. Alikuwa mcheshi, alisema, alikuwa mbishi, hakukosa kanisani Jumapili hata kama Jumamosi alichelewa kulala. Na kila mnada alinunua gauni mbili za kitoto zinazofanana, rangi moja, kipimo kimoja, akazituma Ushirombo kwa utingo wa lori. Mama ntilie alidhani ni biashara. Nilimuuliza mbona siku ile ofisini hakuniambia.

"Uliniuliza majina," akanijibu. "Majina sikuwa nayo."

Andikeni hilo mahali, vijana. Fomu huuliza kile ambacho aliyeitunga alidhani watu wanakijua. Mtu aliyekaa na marehemu mwaka mzima alikuwa amebeba jibu mkononi, nami nikamruhusu aondoke nalo kwa sababu halikuwa na mstari wake.

Nilikwenda Ushirombo na Mama Minza, aliyechukua likizo yake mwenyewe na kuvaa kitenge kipya. Hapo ukarani wangu ulinifaa. Mapacha wanaomtangulia mtoto wa miaka mitano lazima wawe madarasa ya chini, basi tukapita shule za msingi tukiomba daftari la mahudhurio la darasa la kwanza na la pili. Daftari la mahudhurio halina makuu, lakini linaandikwa kila siku na mtu anayewaona watoto kwa macho. Akina Kulwa na Doto tuliwapata wengi. Wa kwanza mama yao alikuwa anauza nyanya mbele ya geti la shule. Wengine walikuwa wavulana watupu. Shule ya nne, darasa la pili, Kulwa na Doto, wasichana, na kwenye sehemu ya mzazi au mlezi mwalimu alikuwa ameandika: Bibi. Tulimuuliza mwalimu kuhusu mavazi yao. Akasema zamani Jumapili walikuwa wanakuja kanisani na gauni za kufanana, mpya kila baada ya muda. Siku hizi ni zilezile, na zimewabana.

Bibi yao aliitwa Nyanzala. Tulimkuta uani anapepeta mahindi. Mama Minza alimsalimia kwa Kisukuma, wakaulizana habari za mvua na za mifugo kama adabu inavyotaka, kisha akamweleza. Mimi nilikaa, kofia yangu mapajani. Bibi aliendelea kupepeta kidogo, halafu akauweka ungo chini akalia kwa sauti, majirani wakaja, na pale nyumbani pakawa msiba mchana uleule. Baba wa watoto alikuwa amekwenda Chunya kutafuta dhahabu siku nyingi na hakurudi. Binti yake Bibi akafuata njia hiyohiyo, akambeba mdogo mgongoni na kuwaacha wakubwa. Alikuwa na kawaida ya kutuma gauni. Zilipokoma, Bibi alidhani binti yake amepata mume mwingine, akawa anamkasirikia. Hilo ndilo lililomliza zaidi, kwamba alimkasirikia mtu aliyekufa. Watu walipotulia aliuliza habari za yule mdogo, mwenye kovu la moto mguuni kushoto. Mama Minza akamwambia yupo, mzima.

Kahama nilikwenda peke yangu. Katika kazi yangu yote nimewaambia watu mambo mengi mabaya, lakini mlango ule wa Athumani ndio ambao mguu wangu uligoma kuuvuka. Mtoto alikuwa anacheza barazani na vifuniko vya soda. Jirani mmoja alipita akaita, "Mama Rehema, hodi hapo," na yule mama akaitika kutoka ndani kwa furaha ya mtu ambaye bado hajalizoea jina lake jipya. Niliwakalisha wote wawili nikawaambia kwamba mtoto ana bibi na dada wawili. Athumani akaniuliza kama hakuna makosa. Nikasema makosa yapo, ni yangu, na nikaeleza niliyafanyaje. Aliinama akashika kichwa. Mkewe aliingia chumbani, akarudi na nguo za mtoto, akaanza kuzikunja. Alizikunja, akazikunjua, akazikunja tena.

"Mwambie bibi yake mtoto anaogopa kuku," akasema. "Giza haogopi. Kuku ndio wanamliza."

Nikasema nitamwambia. Niliposimama kuaga alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema.

"Ungeuliza vizuri tangu mwanzo, nisingempenda."

Athumani alikwenda mwenyewe kuyaondoa maombi yao mahakamani. Hakunilaumu, na ingekuwa nafuu kama angenilaumu.

Tulimpeleka Shija kwao siku ya Ijumaa kwa gari la ofisi, mimi, Mama Minza na mkuu wangu, aliyeamua kuja ingawa majalada yalimsubiri. Uani palikuwa na watu wengi kuliko nilivyotarajia: wajomba, mama wadogo, wanajumuiya wa kanisani na watoto wasiohesabika. Shija alishuka akaona kuku, akajificha nyuma ya kitenge cha Mama Minza. Nilikuwa nimeshamtumia Bibi ujumbe juu ya kuku, lakini kuku ni kuku. Kulwa na Doto walitoka kwenye kundi la watu bila kutumwa, wakawafukuza wote mpaka nyuma ya zizi, kisha wakarudi wakasimama mbele ya mdogo wao wakiwa wanahema. Hawakumkumbatia. Walimtazama miguu, wakaliona kovu, wakatazamana. Doto akamshika mkono akaenda naye kumwonyesha ndama.

Watu walipokwisha kula, Bibi Nyanzala alinigeukia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchagua neno moja moja.

"Nani aliandika mtoto huyu hana watu?"

Mkuu wangu alikohoa, tayari kusema ni ofisi. Nikamtangulia.

"Ni mimi, mama."

Aliniomba nimwonyeshe. Nilitoa fomu kwenye jalada nikamsomea mstari ule. Akaniambia nifute. Nikamweleza kwamba serikalini hatufuti, tunakata kwa mstari na kusaini pembeni. Akasema basi nikate. Nikakata, nikasaini, naye akainama karibu na karatasi kuhakikisha, ingawa hakujua kusoma.

"Sasa andika," akasema.

Akaanza na Kulwa na Doto. Akafuata wajomba, kila mmoja na kijiji chake, mama wadogo na wanaume waliowaoa, na shangazi wa upande wa baba aliyeko Runzewe. Kila aliyetajwa na aliyekuwapo alijisogeza ili nimwone ninamwandika nani. Mstari uliisha kabla ya wajomba kuisha. Nikapanda juu pembezoni, nikageuza karatasi nyuma, mwandiko wangu ukawa wa kutia aibu, nikaenda hivyohivyo. Mkuu wangu alinishikia jalada lisipeperuke.

Majina yalipokwisha Bibi akamwita Shija, akamuuliza kitu kwa Kisukuma. Mama Minza akaninong'oneza kuwa anamuuliza mwaka huu wote nani alikuwa anampikia na kumwogesha. Shija akasema ni mama wa Kahama, akarudi kwenye ndama.

"Mwandike," Bibi akaniambia.

Nikamjibu kwa upole kwamba yule si ndugu. Ni mlezi, na taarifa zake ziko kwenye fomu nyingine.

"Habari ya kuku ulipewa na nani?"

Nikasema nilipewa na mama huyohuyo.

"Basi mwandike."

Nikauliza niandike jina gani. Mke wa Athumani lilikuwa jina la mume, na Mama Rehema hakuwapo tena. Bibi aliwatazama wajukuu zake watatu kule kwenye ndama. Mama Shija lilikuwa jina la binti yake, jina pekee la marehemu tulilokuwa nalo mwanzoni, lile tulilolibandika kwenye mbao za kata tatu.

"Andika Mama Shija," akasema. "Mmoja amekufa. Mtoto bado ana mwingine."

Nikaandika. Jumatatu nilipanda basi la Kahama, na ile karatasi mfukoni, nikaenda kumsomea.